Kitabu Kisicho na Faharasa

Maktaba yetu hapa Kampala ina nakala moja tu ya kitabu cha sarufi tunachokitegemea, na huazimwa kwa usiku mmoja. Nilitafuta unyambulishaji. Nyuma hakuna faharasa, nikapekua ukurasa kwa ukurasa mpaka umeme ukakatika. Asubuhi nilikuwa na mtihani.

Wachapishaji husema kumlipa mtunga faharasa ni gharama bure, kompyuta itafanya. Itafanya nini? Programu sahili ya kuorodhesha maneno huona herufi tu: “kitenzi” itaweka kwenye K, “vitenzi” kwenye V, kana kwamba si neno moja. Na ukurasa unaoeleza unyambulishaji bila kulitaja jina hilo, itaupita. Mtu aliyesoma Kiswahili hataupita.

Uingereza watunga faharasa wana chama chao tangu 1957. Kwetu kazi huachiwa mwandishi aliyekwisha kuchoka, tena pengine kabla kurasa hazijapangwa, namba zote zikawa uongo!

Mtafuteni mtu, mpeni kurasa zilizokwisha kupangwa, muda wa kutosha, na malipo yaliyoandikwa kwenye mkataba. Wahitimu wa Kiswahili wasio na kazi wako tele.