Tope la Ziwa Manyara linatoka wapi? Mionzi yatoa jibu

Udongo wa kaskazini mwa Tanzania unasombwa na maji hadi Ziwa Manyara. Sasa utajuaje kasi yake, wakati zamani hakuna aliyepima?

Jibu ni risasi-210, chembe zenye mionzi ya asili. Zinashuka na mvua, zinanata kwenye udongo, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 22 hivi. Tope lenye mionzi kidogo ndilo la zamani zaidi.

Utafiti wa 2020 ulionyesha tope limekuwa likiongezeka kwa miaka 120. Kemikali za udongo nazo zikautaja mto Makuyuni kuwa mchangiaji mkubwa.

Maana yake? Ziwa litaokolewa huko juu, kwenye malisho na mashamba. Wafugaji na wakulima ndio wanaopoteza udongo kwanza.