Nani Aliwaokoa Mateka wa Ifo 2?

Kuna simulizi inayosema makomando wa Marekani ndio waliowatoa wafanyakazi wanne wa shirika la Norwegian Refugee Council waliotekwa katika kambi ya wakimbizi ya Ifo 2, Dadaab, Kenya. Si kweli. Wanaosimulia hivyo wamechanganya mambo mawili. Mnamo Januari 25, 2012, makomando wa SEAL wa Marekani walishuka kwa miamvuli karibu na Adado, katikati ya Somalia, wakawaua watekaji 9 na kumtoa Mmarekani Jessica Buchanan na mwenzake wa Denmark. Hao walikuwa wametekwa Galkayo, mamia ya kilomita kutoka kwetu Dadaab. Wa Ifo 2 walitekwa Juni 29 mwaka huohuo, wakaokolewa alfajiri ya Julai 2 ndani ya Somalia.

Wengine husema jeshi la Kenya, KDF, liliwaokoa peke yake. Hapo ukweli upo nusu. Ndege za Kenya ziliwasaka watekaji, ambao walilitelekeza gari na kuwatembeza mateka porini kwa miguu. Lakini nchi kavu, waliokuwa bega kwa bega na wanajeshi wetu ni wapiganaji wa Ras Kamboni, kundi la Ahmed Madobe, Wasomali wanaozijua njia zile tangu utotoni. Kuwafuta kwenye habari hii ni dhuluma.

Madai yanayoniudhi zaidi ni kwamba wakimbizi ndio waliowauza wafanyakazi hao wa misaada, kwa hiyo kambi zote, kuanzia Ifo hadi huku Hagadera, ni maficho ya magaidi. Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwaka 2011 dereva wa shirika la misaada alitekwa hapahapa Hagadera, na Oktoba mwaka huo Wahispania wawili wa Médecins Sans Frontières wakachukuliwa Ifo. Mwishoni mwa Desemba kiongozi wa wakimbizi aliyeshughulikia usalama Hagadera alipigwa risasi akafa, na mwingine akauawa Ifo mwanzoni mwa Januari. Mtu anayeuawa kwa kusaidia kulinda kambi anaitwaje mshirika wa muuaji? Hata hivyo, serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itafunga Dadaab, hoja ilikuwa ileile ya ugaidi. Februari 9, 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliubatilisha uamuzi huo, akasema kuwafukuza wakimbizi wa Kisomali kwa ujumla wao ni kuwatesa kwa sababu ya asili yao.

Wako pia wanaodai kwamba makomando wakiingia tu, mateka hurudi. Lakini wale Wahispania wawili walikaa mikononi mwa watekaji miezi 21, hadi Julai 2013.

Na bado husemwa kwamba siku ile ya Ifo 2 wote walisalimika. Si kweli: dereva Mkenya wa msafara aliuawa papo hapo. Wengine walijeruhiwa, na mmoja wa mateka alipigwa risasi mguuni. Huyo aliyejeruhiwa mguu alilishtaki shirika lake, na Novemba 2015 mahakama ya Oslo ikaamua kwamba shirika lilizembea vibaya: hatari ilijulikana, lakini msafara ulitoka bila polisi wenye silaha. Alilipwa takriban kroni milioni 4.4. Anayetaka kujua nani alizembea Juni 29 aanzie kwenye hukumu hiyo, awaache wakimbizi wa Hagadera.