Nyimbo za Wengi si Nyimbo Duni

Iko hukumu moja ambayo wahakiki wa muziki wa jazi huirithi kama mtu arithivyo shamba la baba yake, bila ya kuuliza mipaka yake. Hukumu hiyo hunena kuwa Louis Armstrong alikuwa bingwa mpaka mwaka 1928, na baada ya hapo akawa mtumbuizaji tu. Kuwa tarumbeta lililoitikisa Chicago liliuzwa kwa bei ya makofi. Na kuwa ushahidi wa anguko hilo ni nyimbo za mapenzi alizozitia katika santuri akiwa mtu mzima, nyimbo zilizokwisha imbwa na kila mwenye koo. Hukumu hii ni fupi na ni nyepesi kukariri. Haki haimo ndani yake.

Na itazamwe santuri yenyewe. Tarehe 16 Agosti 1956, katika studio za Capitol mjini Hollywood, Armstrong alisimama pamoja na Ella Fitzgerald. Oscar Peterson alikuwa kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Usiku uliotangulia waimbaji hao wawili walikuwa jukwaani Hollywood Bowl. Norman Granz, mwenye kampuni changa ya Verve, aliwakusanya, na kwa siku moja nyimbo 11 zikakamilika. Hapana hata mmoja uliotungwa kwa ajili yao. Ulikuwamo wa Irving Berlin, ulikuwamo wa ndugu wawili George na Ira Gershwin, ulikuwamo wa Hoagy Carmichael. Zote zilikuwa mali ya umma wa Marekani kabla ya siku ile.

Shtaka la kwanza, basi, ni la kuazima. Lakini wimbo wa namna hii una umbo lake. Kwa kawaida hujengwa kwa vipimo 32, navyo hugawanywa katika mafungu manne ya vipimo vinane: aghalabu fungu la kwanza hutoa lahani, la pili huirudia, la tatu huenda kando, na la nne hurejea nyumbani. Umbo hili lina sheria kama shairi lilivyo na vina na mizani. Hapana mwenye akili amwambiaye mshairi kuwa ni mwazimaji kwa sababu mizani 16 za mshororo wake hakuzibuni yeye.

Yamkini mtu akajibu kuwa maneno pia na lahani pia vilikuwa vya wengine. Ni kweli. Lakini na asikilize kinachofanyika. Armstrong huchukua lahani iliyoandikwa kwa noti nyingi akaipunguza mpaka zikabaki chache zinazotosha. Hushikilia noti moja pale mtungaji alipopanda na kushuka. Hukawia nyuma ya mdundo kama mtu asiye na haraka, kisha hufika kwa wakati. Sauti ya Fitzgerald ni maji safi, na yake ni changarawe. Maji hayo hupita juu ya changarawe hiyo wala moja halimwaibishi mwenziwe. Mtungaji aliacha ramani, na mwimbaji alijenga nyumba. Anayemnyima mjenzi sifa kwa kuwa hakuchora ramani, na ajaribu kulala ndani ya ramani mvua inaponyesha.

Shtaka la pili ni la tarehe, na tarehe hulikana. Husemwa kuwa nyimbo za wengi zilikuja na uzee wake. Mwaka 1929 Armstrong alikuwa na miaka 27 tu alipoimba “Ain't Misbehavin'” katika mchezo wa Broadway na kuutia katika santuri. Mwaka 1930 alirekodi “Body and Soul”. Mwaka 1931 “Stardust”. Hayo hayakuwa makombo ya karamu iliyokwisha. Mtu yule yule aliyepiga “West End Blues” mwaka 1928, kwa pumzi ile ile, alizichukua nyimbo za maonyesho na kuwafundisha waimbaji waliomfuata jinsi ya kuziimba. Anayeigawa kazi yake kati ya dhahabu na shaba, kwa kufuata jina la mtungaji, hajui rangi ya dhahabu.

Shtaka la tatu hunenwa kwa sauti ya chini: mume wa miaka 55, mwenye nyumba na mke, ana nini cha kuimba juu ya mapenzi? Armstrong alimwoa Lucille Wilson, mchezaji wa Cotton Club, mwaka 1942. Ndiyo ilikuwa ndoa yake ya nne. Mwaka 1943 walipata nyumba Corona, katika Queens, mtaa wa watu wa kawaida, na nyumba hiyo ilikuwa makao yake mpaka kufa kwake mwaka 1971, ingawa alikuwa na uwezo wa kuishi penye fahari zaidi. Wahakiki wapendao msanii mwenye njaa na kidonda hawaoni wimbo katika maisha kama hayo. Lakini nyimbo za santuri ile zasimulia nini? Zasimulia mvua iliyowakuta wawili pamoja, raha ya kuwa karibu, na vijizoea vidogo vya mpendwa ambavyo hata kutengana hakuwezi kuvifuta. Mambo haya huyajua zaidi mwenye nyumba kuliko mchumba. Ray Brown naye, aliyepiga besi siku ile, aliwahi kuwa mume wa Fitzgerald, na ndoa yao ilivunjika mwaka 1953. Waliokusanyika studioni waliijua ndoa idumuyo na waliijua ndoa ivunjikayo. Wimbo wa mapenzi wataka mashahidi gani wengine?

Shtaka zito kuliko yote ni kuwa tabasamu lake lilikuwa la mtumwa. Hata Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa kizazi kilichofuata, alimkejeli hivyo mwaka 1949. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1979 alikiri kuwa alikosea, kwa kuwa tabasamu lile lilikuwa kukataa kwa mtu kunyang'anywa furaha yake. Na ushahidi haukuhitaji kungoja miaka 30. Agosti 1957 Armstrong alikuwa tena studioni na Fitzgerald, akiimba nyimbo za wengi. Septemba ile ile, watoto weusi tisa walipozuiwa kuingia shule ya Little Rock, alimshutumu waziwazi Rais Eisenhower na kukataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali. Wengi waliomcheka kuwa mpole walikuwa kimya siku hiyo.

Ni kweli kwamba Oktoba 1960 alifika Leopoldville katika safari iliyogharimiwa na serikali hiyo hiyo, akabebwa kwa shangwe mjini humo wakati Lumumba amezuiliwa nyumbani mwake. Waliomtuma walikuwa na hesabu zao, na hesabu hizo zina aibu. Lakini aibu hiyo na iandikwe kwa jina la mwenyewe. Waliomshangilia Kongo hawakushangilia hesabu za wakubwa, walishangilia tarumbeta.

Na likubaliwe la haki. Midomo yake ilikuwa na makovu ya miaka mingi ya kupiga, na tarumbeta la mwaka 1956 halikukimbia kama la mwaka 1928. Zimo pia, katika kazi zake nyingi, nyimbo nyepesi zisizostahili pumzi yake. Lakini kupungua kwa mbio si kupungua kwa busara. Kijana hupiga noti zote awezazo; mtu mzima hupiga zile zitakiwazo.

Kilichomo hatarini ni haki ya msanii mweusi kuingia katika wimbo wowote kama mwenyeji. Amwambiaye abaki katika huzuni ya bluzi peke yake, hata akisema hivyo kwa jina la heshima, amemwonyesha mlango wa nyuma. Armstrong aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi, akaimba. Na baada yake wenye nyumba ndio waliolazimika kujifunza wimbo wao upya.