Chupa ya Maji Isiyo na Maji

Kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Korogwe, jambo hili halihitaji mpelelezi. Basi linapita Mkata na Kabuku, linafika Segera pale njia ya Tanga inapoachana na ile ya Moshi na Arusha, na wachuuzi wanalizunguka na machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha, maji na soda. Abiria mmoja ananunua soda, anamwaga nusu yake dirishani, anachomoa kichupa mfukoni na kujazia. Mwingine hana haja ya soda, kwa maana chupa yake ya maji aliijaza pombe kali tangu nyumbani. Katika Coaster zinazokwenda na kurudi kati ya Handeni na Korogwe mambo ni yale yale, ila safari ni fupi na unywaji ni wa haraka. Kondakta haoni, au ameona mara nyingi hata amechoka kusema.

Wengi huliona hili kuwa jambo dogo, la kuchekesha hata. Sisi hatukubaliani nao. Tunasema kwamba chupa ya maji isiyo na maji ni jambo la imani, na kwamba Mkristo anayeishika mkononi ametoa ushuhuda juu ya Mungu na juu ya jirani yake, hata kama safari nzima hakusema neno.

Tuweke msingi kwanza ili tusieleweke vibaya. Kanisa la Kilutheri halifundishi kwamba pombe yenyewe ni dhambi. Bwana wetu alialikwa arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwafukuza wageni. Mtunga Zaburi ya 104 anaihesabu divai pamoja na mafuta na mkate, vipawa ambavyo Mungu huvitoa katika nchi. Martin Luther alikunywa bia, na mkewe, Katharina von Bora, aliitengeneza nyumbani kwao Wittenberg. Wapo ndugu zetu wa uamsho walioamua kutoigusa kabisa; uamuzi wao tunauheshimu, na wengi wao umewaokoa. Lakini hatuwezi kumfunga mtu kwa amri ambayo Mungu hakuitoa. Kwa hiyo swali letu si kama Mkristo aweza kunywa. Swali ni kwa nini anajificha.

Anayeficha anajua. Hakuna aliyewahi kuficha maji ndani ya chupa ya maji. Yule anayemimina pombe kali katika chupa yenye karatasi ya maji amekwisha kukiri moyoni kwamba jirani yake ana haki ya kukataa, ila ameamua kumnyima jirani huyo nafasi ya kuitumia haki yake. Hapo tunakumbuka habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5. Petro hakumlaumu Anania kwa kuwa na shamba, wala kwa kuwa na fedha. Alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Kilichomwangusha ni kuonyesha sehemu na kuficha sehemu, akidhani kwamba amewadanganya wanadamu tu.

Basi anayetuambia, "Pombe ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu," hajajibu lolote. Hata fedha ya Anania ilikuwa yake.

Wa pili anatujibu kwa methali: pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hiyo ni nzuri shambani, ambapo kila mtu yuko kwenye tuta lake. Ndani ya basi viti vimebanana, bega kwa bega na goti kwa goti, na pilipili ya mmoja huingia machoni mwa wote. Tumwangalie aliyeketi karibu naye. Katika wilaya hizi za Handeni na Korogwe, mara nyingi jirani huyo ni Mwislamu. Huenda ni mzee anayetoka kumzika ndugu yake, au mama aliyefunga mwezi wa Ramadhani. Anaisikia harufu, anageuzia uso dirishani, na kwa adabu yake hasemi kitu. Halafu simu ya mnywaji inaita, na mlio wake ni wimbo wa kwaya. Tangu saa hiyo yule mzee amejua abiria mwenzake ni wa dini gani, na mahubiri ambayo mchungaji wa Korogwe angemhubiri mwaka mzima yamekwisha kujibiwa.

Au jirani ni msichana wa sekondari anayerudi shuleni, ambaye kufika Segera anasemeshwa maneno ambayo baba yake asingethubutu kuyatamka. Hana pa kuhamia, basi limejaa. Au jirani ni mama mwenye mtoto mwenye kiu. Mtoto anaona chupa ya maji imewekwa kati ya viti, na mtoto hasomi harufu, anasoma chupa. Mtu mzima aliyegeuza chupa ya maji kuwa chombo cha pombe ameiharibu ishara ambayo mtoto aliiamini. Na kama ndani yake ni gongo, ambayo sheria ya nchi yetu inaikataza, hata yeye mwenyewe hajui ni nini hasa anachokunywa.

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alitufundisha kwamba Amri ya Tano haiishii kwenye kutoua. Inatutaka pia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Barabara yetu inaijua maana ya jambo hilo. Usiku wa Februari 3, 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na Coaster iliyobeba maiti na waombolezaji wakielekea Moshi kwa mazishi, na katika hesabu ya kwanza waliokufa walikuwa 17. Hatuitaji ajali hiyo kana kwamba pombe ndiyo iliyoileta. Tunaitaja kwa sababu inapotokea ajali, mwokoaji wa kwanza si gari la wagonjwa. Ni abiria aliyebaki mzima, pamoja na wanakijiji wanaokimbilia mayowe. Askari wa barabarani humpima dereva, na ni haki. Lakini abiria naye amekabidhiwa wenzake. Aliyelewa kwenye kiti cha nyuma amejiondoa katika orodha ya wanaoweza kuitwa, na hakumwuliza mtu.

Wa tatu anasema, "Mbona hata Wazungu wanafanya?" Ni kweli, wanafanya. Katika meli kubwa za kitalii zinazozunguka bahari, wako abiria wanaomimina pombe kali katika chupa za dawa ya kusukutua kinywa, wakaitia rangi ili ifanane na dawa, kusudi wakaguzi wasiitambue. Ila tutazame sababu yao. Meli zile zina baa, vinywaji vyake ni ghali, na mwenye meli anakataza pombe ya nje pia kwa ajili ya biashara yake. Abiria anakwepa bei. Udanganyifu ni udanganyifu hata huko, na hatuutetei. Lakini katika basi letu hakuna baa wala bei ya kukwepa. Hapa kinachokwepwa ni macho ya watu. Yaani tumechukua hila ya mtu anayemkimbia mfanyabiashara, tukaitumia kumkimbia bibi aliyeketi karibu nasi na kapu la machungwa.

Wengine hukimbilia mila: mababu zetu walikunywa. Walikunywa, hatukatai. Lakini wazee wa Kisambaa walioketi na pombe ya miwa waliketi mahali palipojulikana, mbele ya watu wanaojulikana, na aliyezidisha alionwa na kukemewa na rika lake. Kibuyu hakikuvikwa sura ya kitu kingine. Anayekunywa peke yake dirishani, shingo ameikunja, asisingizie babu yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba Serikali itatumalizia kazi hii. Machi 1, 2017, pombe ya viroba ilipigwa marufuku nchini, nasi tuliona vema, kwa maana kiroba kiliingia hata katika mfuko wa sare ya mwanafunzi. Lakini kilichoondoka ni kile kifuko cha plastiki. Vichupa vidogo vilichukua nafasi yake, na chupa za maji hazijawahi kupigwa marufuku wala haziwezi. Sheria inaweza kukagua mfuko wa nje. Moyo unaojificha hukaguliwa kwa Neno, na hiyo ni kazi ya Kanisa.

Na Kanisa lifanye kazi hiyo likianzia nyumbani mwake. Coaster inayokodiwa na kwaya kutoka Handeni kwenda kuimba Korogwe ni chombo cha usharika, na chupa zinazopitishwa kwenye viti vyake vya nyuma zinajulikana. Kumbi zetu za arusi zimeandikiwa kwamba pombe hairuhusiwi, na wageni wanaingia na vichupa katika mikoba, wengine wakitoka kila baada ya nusu saa "kuangalia gari". Wazee wa Kanisa wanaona, nao wanatazama pembeni, kwa sababu mwenye mkoba ni mtu wa mshahara na mchango wake katika harambee ni mkubwa.

Lakini mama mjane anayepika gongo kando ya kijiji ili alipe ada ya mtoto, huyo jina lake linatajwa, anatengwa na Meza ya Bwana, naye hukaa benchi la nyuma mpaka aombe kurudi kundini. Hatusemi kwamba anafanya vema. Anavunja sheria, na kinywaji chake kinaweza kuua. Tunasema kwamba nidhamu inayomshika anayeuza hadharani kwa umaskini na kumwacha anayekunywa kwa siri katika suti si nidhamu ya Kristo. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, alikwisha kulikemea kanisa linalomkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri.

Hatari yake ni kubwa kuliko aibu. Ambako dhambi inayoonekana ndiyo pekee inayoadhibiwa, watu hawajifunzi kuacha. Wanajifunza kuficha vizuri zaidi. Na kati ya hao wanaoficha wako wagonjwa. Tunao katika sharika zetu watu ambao hawawezi kutoka Korogwe mpaka Mombo bila kunywa, ambao mikono hutetemeka asubuhi, ambao wamejaribu kuacha mara nyingi na wameshindwa. Chupa ya maji kwao si ujanja, ni gereza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini atamwambia nani, ikiwa siku atakapofungua kinywa jina lake litatangazwa kabla ya sadaka?

Kwa hiyo tunataka mambo matatu, na tunayataka wazi. La kwanza, kila kwaya, kila umoja wa vijana na kila kamati ya msiba inayokodi gari iseme kabla ya kuondoka kwamba ndani ya gari hilo hakuna pombe, na kiongozi awe wa kwanza kufungua mfuko wake. La pili, nidhamu ya usharika iwe moja kwa mjane na kwa mtu wa mshahara. Kama hatuna ujasiri wa kumkemea wa pili, tusimguse wa kwanza, na badala ya kumtenga tu, idara ya diakonia imtafutie mtaji wa kazi nyingine. La tatu, mchungaji awe mtu ambaye mgonjwa wa pombe aweza kumwendea usiku na kusema, "Nimeshindwa," akasikilizwa, akaombewa, akasindikizwa hospitali, na siri yake ikabaki siri. Kanisa letu lina ungamo la faragha, Luther hakulifuta. Lirudishwe kazini.

Mwaka 1520 Luther aliandika juu ya uhuru wa Mkristo, akaeleza kwamba kwa imani Mkristo hatawaliwi na mtu yeyote, na kwa upendo yeye ni mtumishi wa kila mtu. Wengi wetu tumeipenda nusu ya kwanza. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, alijua kwamba ana haki ya kula, akawa tayari kutokula kamwe ikiwa nyama hiyo ingemkwaza ndugu yake. Hakula nusu kwa siri. Uhuru wake ulikuwa na nguvu ya kuacha.

Basi msafiri Mkristo ana njia mbili za heshima. Kama anataka kunywa, na angoje afike, aketi mahali ambapo kunywa kunaruhusiwa, na anywe kwa kiasi mbele ya watu wanaomjua kwa jina. Kama hawezi kungoja, basi ajue kwamba tatizo lake limekuwa kubwa kuliko safari, na aje tuzungumze. Lakini ndani ya basi, kati ya Segera na Korogwe, chupa yenye karatasi ya maji na iwe na maji, ili mtoto wa jirani akiomba, apewe bila hofu.