TUFUATE AMRI YA NANI?

Wengi katika wenzetu, hasa vijana walioingia kazini juzi, hudhani ya kuwa Serikali ni mtu mmoja, na ya kuwa amri itokayo juu haina mpaka. Twaona yafaa kulieleza jambo hili, maana karani asiyejua mpaka wa amri ndiye atiaye sahihi, na siku ya hesabu ndiye aulizwaye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaanza kwa kusema ya kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Nao wameyakabidhi kwa vyombo vitatu: Bunge hutunga sheria na kuidhinisha matumizi ya fedha, Rais na Mawaziri huendesha kazi, Mahakama huamua mashauri. Hakuna kimoja kijitoshacho. Rais aweza kuurudisha Mswada Bungeni, lakini theluthi mbili ya Wabunge waweza kuupitisha vile vile ulivyokuwa.

Je, mipaka hii ni ya karatasi tu? Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa Rais. Rais aliyekuwa madarakani hakuupenda uamuzi ule, wala hakuficha. Hata hivyo uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba.

Lakini tusisahau yaliyotangulia. Mwaka 1988 katiba ya zamani ilibadilishwa, majaji wakaondolewa hifadhi ya kazi yao, wasirudishiwe hata mwaka 1990. Jaji ajuaye ya kuwa kesho aweza kufukuzwa, ataamuaje leo bila hofu? Na jaji akiogopa, karani atamkimbilia nani?

Hapa ndipo jambo hili litugusapo. Kifungu cha 226 chasema ya kuwa mwenye cheo aagizaye au aidhinishaye fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara yeye mwenyewe, ajapokuwa ameacha kazi. Kifungu cha 236 nacho chakataza mtumishi kuonewa kwa kutimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria, wala asifukuzwe au kushushwa cheo pasipo kufuata sheria. Kimoja chatuonya, cha pili chatukinga. Lakini kinga hiyo haifai kitu pasipo hakimu asiyemwogopa mkubwa wetu.

Basi, tukiamriwa jambo lililo kinyume cha sheria, tusijibu kwa ujeuri, wala tusitie sahihi kwa woga. Tumwombe mkubwa kwa adabu aiandike amri yake. Nasi tuandike kifungu kituzuiacho, na nakala tuiweke katika faili.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Sisi twaongeza: vyombo hivi vikishindana kwa sheria, nyasi husitawi, siku vitakapokuwa mkono mmoja, ndipo zitakapokanyagwa.