Mgongo wa Jimu, Mgongo wa Gunia

Nilipoumia mgongo pale Kitale, kila mtu alinihurumia. Nilikuwa kwenye jimu ya mabati, nainua chuma cha kilo 90 kutoka sakafuni, rafiki yangu akinirekodi video. Kitu kikavutika kiunoni, maumivu yakateremka mguu wa kushoto hadi kwenye kisigino. Kocha akasema, "Maliza raundi, buda. Mwanaume halii." Nikamaliza. Ujinga huo ni wangu, sitamsingizia chuma.

Safari ya kurudi nyumbani Bungoma ilinionyesha kila tuta lililoko kati ya Kiminini na Webuye. Nilipofika, mtaa mzima ukageuka daktari. Mjomba akaamuru nilale chali mwezi mzima. Nikalala siku tisa, nikazidi kukakamaa kama ubao.

Hapa ndipo nina ugomvi na wazee wetu, na kocha pia: mgongo hauponi kwa kulala tu, wala kwa kujikaza kiume. Diski ikichomoza ikabana neva, mara nyingi hutulia bila upasuaji baada ya wiki au miezi, mradi uendelee kujisogeza kadiri unavyoweza. (Lakini ukifa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka ama kuzuilika, wacha mambo ya mafuta ya kuchua. Kimbia hospitali usiku huohuo.) Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa kazi ya aibu: tembea dakika kumi, pumzika, rudia. Wiki ya sita ndipo akaniruhusu kuinua gorogoro moja ya mahindi. Kilo 2! Kukhu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Mwezi wa tano nilirudi Kitale, nikawakuta vijana wakipakia lori la mahindi. Gunia kilo 90, uzito uleule ulionivunja. Wao wanaweka begani na kupanda nalo ubao, moja baada ya jingine hadi lori lijae, na hakuna wa kuwarekodi. Nilimuuliza mmoja mgongo wake ukoje.

"Unauma tangu msimu uliopita. Sasa nikilala, watoi wakule nini?"

Na msiniambie ati wamezoea. Hata mimi nilikuwa nimezoea, hadi ile siku. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mtu mzima mwanaume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hapa kwetu, kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini mwaka 2023 serikali ilipotangaza bei ya mahindi, ilitangaza shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90. Tulibishana wiki nzima kama bei inamtosha mkulima. Mgongo wa anayelibeba haukutajwa, si na wanasiasa, si na sisi wa mitandaoni.

Mwenye stoo atasema magunia madogo ni gharama: nyuzi zaidi, safari zaidi kwenye ubao. Sawa, alipe. Mimi nililipiwa miezi mitano ya kutembea polepole na kuinua gorogoro, na wazazi ambao hawakuniuliza nitarudi kazini lini. Yule kijana alijibu swali langu huku ameinama, akisubiri wenzake wawili wamtwike gunia jingine.