Tochi ya Kumweka: Kumulika Nyoka Huanzia Miguuni



Kila Ijumaa Kuu tunasikia katika Injili ya Yohane jinsi watu walivyoingia bustanini usiku kumkamata Bwana, wakiwa wamebeba taa, mienge na silaha. Vilikuwa vitu vya namna mbili. Taa ilikuwa ya kuonea, silaha ilikuwa ya kuumizia. Siku hizi mambo hayo mawili yameunganishwa katika kitu kimoja kinachoingia mfukoni, nacho kinauzwa kwa jina jema la ulinzi. Tunasema juu ya tochi zenye mwanga mkali wa kumwekamweka, zilizotengenezwa ili kumvuruga anayemulikwa usoni.

Tunaandika kwa sababu tunaona hatari ya tochi hizo kuwa chombo cha kawaida cha doria za usiku bila kanuni yoyote, na bila mtu kuuliza kama ni haki. Sisi tunauliza, na jibu letu tunalitoa mapema: si haki kumpofusha mtu, hata kwa dakika chache, kabla hujajua yeye ni nani na amefanya nini.

1. Tochi hii ni kitu gani?

Tochi tuliyoizoea ina kazi moja: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazimika. Tochi hizi mpya, ambazo wauzaji huzisifu kuwa ni za kijeshi au za kujihami, zina kazi ya ziada. Swichi ikibonyezwa kwa namna fulani, mwanga huanza kuwaka na kuzimika kwa kasi kubwa, nyingi kati yake mara 10 hadi 20 katika sekunde moja. Kazi hiyo haikuwekwa ili mlinzi aone njia. Imewekwa ili aliyemulikwa asijue walio mbele yake wako wangapi, wako umbali gani, wala wameshika nini. Matangazo yake hayalifichi jambo hilo. Ndilo linalouza tochi yenyewe.

Jicho la mwanadamu limeumbwa kuzoea giza polepole. Mboni hupanuka, na uwezo wa kuona gizani hurudi kidogo kidogo kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Mwanga mkali wa ghafla huuvuruga uwezo huo kwa kufumba na kufumbua. Tochi inapozimwa, aliyemulikwa hubaki na madoa ya mwanga yanayoelea mbele ya macho yake, na giza huwa zito kuliko lilivyokuwa mwanzo.

2. Hofu yetu ni ya kweli

Hatuwabezi wanaotafuta ulinzi. Runzewe iko kwenye barabara kuu itokayo Kahama, ikapita Ushirombo kuelekea Nyakanazi na mpaka wa Rwanda. Malori hupita usiku na mchana. Kwa miaka mingi mabasi yalivuka mapori ya Biharamulo na Kibondo yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Nayo machimbo ya dhahabu yana maisha yake: kila inapotokea rashi, wageni humiminika, fedha taslimu hutembea mikononi mwa watu, na mwizi naye huja.

Ndiyo maana wazee wetu waliamua kujilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wananchi wa sehemu za Kahama na Nzega walianzisha sungusungu kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Silaha zao zilikuwa upinde na mshale. Wito wao ulikuwa filimbi na mwano. Walijiita Basalama, yaani watu wa amani. Mwaka 1989 Bunge liliwapa nafasi katika sheria za mgambo. Mema yao hatujayasahau.

Lakini hatujasahau pia kwamba baadhi ya vikundi viligeuka mahakama za usiku. Watuhumiwa walipigwa kabla ya kusikilizwa. Wanawake wazee walisingiziwa uchawi kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Tunajua, basi, kwa uzoefu wetu wenyewe, kwamba chombo cha ulinzi kisichokuwa na kanuni huishia mgongoni mwa mnyonge.

3. Ni nani watakaoumia?

Fikirini mchimbaji anayetoka duarani saa nane za usiku. Njia yake inapita kando ya mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi. Walinzi wanamsimamisha, wanammwekea tochi usoni, wanamhoji, wanaridhika kwamba si mwizi, kisha wanamwambia aende zake. Aende wapi, naye haoni anapokanyaga? Au fikirini kijana wa bodaboda aliyebeba mama mjamzito kumpeleka zahanati, akakutana na mmweko huo mbele yake katika barabara ya malori. Walinzi hawakumgusa hata kwa kidole, hata hivyo wameweka rehani uhai wa watu watatu.

Fikirini pia mgonjwa wa kifafa. Wataalamu wanakadiria kwamba kama watu 3 katika kila 100 wenye kifafa huweza kuanguka kwa sababu ya mwanga wa kumwekamweka, na kasi ya tochi hizi imo ndani ya kiwango chenye hatari kubwa. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, sehemu ya katuni ya televisheni yenye mwanga wa kumweka ilisababisha watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, kupelekwa hospitali, na wengi hawakuwahi kuugua kifafa kabla ya siku hiyo. Walikuwa wamekaa nyumbani kwao wakitazama katuni. Akianguka mtu njiani usiku, mbele ya kundi lenye marungu, je, watasema ni mgonjwa au watasema anajifanya?

Na sasa tuwataje ndugu zetu wenye ualbino. Hakuna wanaohitaji ulinzi wa usiku kuliko wao. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wa wilaya yetu hii ya Bukombe. Mwezi Februari 2015, katika wilaya ya jirani ya Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Watu hawa wana haki ya kulindwa kwa kila njia iliyo halali. Lakini wao hao ndio ambao macho yao huumizwa na mwanga mkali kuliko macho ya wengine, kwa kuwa yamepungukiwa rangi inayoukinga mwanga huo. Ulinzi wa namna gani huu, unaoanza kwa kumtesa yule anayelindwa?

4. Mwanga unaoficha

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kazi ya taa usiku ni kutambulisha. Mgeni akipiga hodi, tunawasha taa ili tumwone naye atuone. Tochi ya kumweka hufanya kinyume: anayeishika anabaki amefichika nyuma ya mwanga wake, na aliyemulikwa hawezi kusema kesho ni nani aliyemsimamisha, nani aliyempekua, nani aliyempiga, wala nani aliyechukua fedha zake.

Mahakama zetu zinaijua sana hatari ya usiku. Mwaka 1980, katika shauri la mrufani aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na kwamba lazima mahakama iangalie umbali, muda ambao shahidi alimwona mtu huyo, na hali ya mwanga. Ikiwa shahidi anayetumia taa ya kawaida huulizwa maswali mazito hivyo, atasema nini aliyemulikwa kwa tochi ya kumweka? Dhuluma aliyotendewa itakosa mtendaji. Na sisi tulio katika kazi ya haki na amani tunajua kwamba dhuluma isiyokuwa na mtendaji hurudiwa.

Mlinzi naye hadanganyiki kidogo. Katika mwanga unaokatika-katika, mwendo wa mkono huonekana vipande vipande. Mkono unaotoa kitambulisho mfukoni waweza kuonekana kama mkono unaochomoa kisu. Penye vumbi au ukungu mwanga humrudia yeye mwenyewe. Na aliyepofushwa kwa kawaida huinua mikono kuyakinga macho yake, huyumba, hurudi nyuma, nao waliojawa hofu husema, "Anapinga kukamatwa!" Rungu la kwanza hufuata hapo.

5. Wanaotupinga husema nini?

Husema kwanza kwamba mwanga ni afadhali kuliko panga na risasi. Ni kweli kwamba ni afadhali, nasi hatumhukumu binti anayevamiwa njiani akaiwasha tochi ili apate nafasi ya kukimbia. Huyo anajiokoa na shambulio lililokwisha kumfikia. Lakini doria inayomsimamisha mpita njia haijashambuliwa. Tena tochi haiondoi rungu. Huongezwa juu yake. Kwanza mtu hunyimwa macho, kisha hupigwa asikoona.

Husema pili kwamba madhara yake ni ya muda mfupi. Tunakubali kwamba si sawa na silaha za leza za kupofusha moja kwa moja, ambazo mataifa yalizipiga marufuku kwa itifaki ya mwaka 1995. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua uliviweka vifaa vya kutia kiwi miongoni mwa silaha zinazohitaji kanuni. Ikiwa polisi aliyefunzwa anatakiwa kupima kama nguvu anayotumia ni ya lazima na inalingana na hatari iliyopo, mbona mlinzi wa kitongoji asiyefunzwa aachwe huru?

Husema tatu kwamba mwizi naye anayo. Basi! Anayo kwa sababu inauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Je, tutamshinda mwizi kwa kufanana naye?

Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na inakataza mateso na matendo ya kudhalilisha. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mhalifu katika mazingira fulani, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali iliposema amwadhibu njiani.

6. Tunachodai

Wahenga walisema kwamba kumulika nyoka huanzia miguuni. Walikuwa wakitufundisha kujikagua kwanza, lakini methali hiyo yafaa pia kuwa kanuni ya doria. Tunadai mambo yafuatayo, na tunawaomba viongozi wa walei wayafikishe katika mikutano ya vitongoji na vijiji:

Kwanza, tochi za kumweka zisitumike na doria yoyote kumsimamisha wala kumhoji mtu.

Pili, mlinzi amulike ardhi na mikono ya anayesimamishwa, si macho yake. Kisha ajimulike mwenyewe uso na ataje jina lake. Asiyekubali kuonekana asipewe mamlaka ya kuwatazama wengine.

Tatu, majina ya walinzi wa kila usiku yaandikwe na yajulikane kwa uongozi wa kitongoji.

Nne, familia zenye wagonjwa wa kifafa na zenye watu wenye ualbino zisikilizwe kwanza wakati wa kupanga ulinzi.

Tano, wenye machimbo, maduka na karasha wanaoajiri walinzi wao wafuate kanuni hizo hizo, kwa kuwa mali haina haki kubwa kuliko jicho la mtu.

Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji ujasiri wa kusimama mkutanoni na kusema, hata kama anayeongoza doria ni kaka yako au jirani wa jumuiya yako. Nasi tuanze na sisi wenyewe, kwa maana baadhi ya wanaoshika doria usiku wa Jumamosi tunakaa nao benchi moja kanisani asubuhi ya Jumapili.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogondogo

1. Je, katika kitongoji chetu tunawajua kwa majina wanaolinda usiku? Nao wanajua mipaka ya kazi yao?

2. Ni nani kati yetu anayeogopa doria kuliko anavyomwogopa mwizi? Tumewahi kumuuliza kwa nini?

3. Jumuiya yetu itampeleka nani kwenye mkutano ujao wa kitongoji, na atasema nini kwa niaba yetu?